Maziko ya Shina la Mgomba, Karambi

Siku hizi mnafika kijijini na spika mbili, jenereta na bango lililoandikwa amani, mnaanza kuimba kabla hamjauliza nani alikufa na amelala upande gani wa njia. Nimewaona kwa macho yangu. Kikundi kimoja cha vijana kutoka Kasese mjini kilipanga viti kwenye kiwanja kizuri chenye nyasi fupi, na chini ya nyasi hizo walikuwa wamelala watu wa nyumba nzima. Wenyeji walisimama kando wamefumbata mikono. Vijana wakadhani hao ni watazamaji wagumu, wakaongeza sauti.

Ndiyo maana naandika. Nawaandikia nyinyi mnaoshika ngoma, nyimbo na maigizo ili watu waliouana waweze kuishi tena njia moja na kisima kimoja. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kati ya Kasese na Bwera, mpaka magoti yakakataa, na nasema bila haya kwamba pande hizi hakuna aliyeifanya vizuri kuliko mimi. Wapo waliopigwa picha nyingi kuliko mimi. Hilo ni jambo jingine.

Nilizaliwa Karambi. Vita viliposhuka kutoka milimani nilivuka mpaka nikaingia Congo nikiwa na shati moja, na kwa kupanda malori ya watu nikajikuta Nairobi. Huko nilifagia ukumbi wa maigizo. Baadaye wakanipa taa nizishike. Siku mwigizaji mmoja alipokuja amelewa, nilipanda jukwaani badala yake, na maneno yake yote nilikuwa nayo kichwani kwa sababu nilikuwa nikifagia huku nasikiliza. Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota pale, sakafuni na jukwaani. Diploma yangu ya muziki na maigizo sikusomeshwa na mjomba wala na kanisa, nilijisomesha. Iko sebuleni kwangu kwenye fremu, na anayeingia huiona kabla hajaona kiti.

Niliporudi, ndugu zangu walitazamia gari. Nilishuka na ngoma moja na sanduku la nguo za michezo. Walicheka, wakanipa jina la Diploma, na mpaka leo kutoka soko la Bwera hadi daraja la Katunguru ukiuliza Diploma ni nani utaletwa mlangoni kwangu. Walidhani wananitania. Mimi nililipokea jina hilo kama mtu anavyopokea cheo.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi.

Usipige sauti ya bunduki jukwaani. Mwanzoni sisi tulikuwa na debe na rungu, tukalipiga debe na watu wakashtuka, tukaona tumefaulu. Siku moja tulikuwa tunacheza Bwera, karibu na pale wanapokaa wabadilishaji fedha, na debe lilipopigwa pikipiki moja ya boda boda nayo ikalipuka bomba lake la moshi. Soko zima lililala chini. Wauza nyanya, wachuuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mapolisi wenyewe. Mwanamke mmoja alimlalia mjukuu wake kwa nguvu mpaka tukamtoa mtoto akiwa hapumui vizuri. Yule mtoto alipona. Debe tuliliacha pale pale. Tangu siku hiyo, katika michezo yangu bunduki ikitakiwa kulia, mwigizaji huvua kofia yake polepole na kuiweka chini. Watu wa kwetu wanaelewa kabisa. Nimeona wazee wazima wakigeuza uso kwa sababu ya kofia.

Halafu, muuaji asichezwe na mtu. Nilikuwa na kijana hodari kutoka Kasese aliyecheza nafasi hiyo mpaka nywele zikakusimama, na kesho yake kisimani akanyimwa maji. Alikuwa anacheza tu, lakini waliomnyima maji hawakuwa wanacheza. Basi nikaweka kigoda. Waigizaji hukizungumzia kigoda, hukiomba, hukipigia magoti, na kila mtazamaji humweka juu yake mtu wake anayemjua. Wazungu fulani waliokuja kututazama waliniuliza nimejifunza wapi mbinu ile. Niliwajibu kwamba nimejifundisha.

Na watu wakicheka mahali pa kulia, waacheni. Katunguru, mbele ya wavuvi, tulicheza mtoto anayemtafuta baba yake majini, na wanaume wale wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wachezaji wangu walitaka kuacha. Niliwakazia macho waendelee. Baadaye wanaume hao hao waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Kicheko kile kilikuwa ni mlango waliouegemea ili usifunguke.

Aliyekuwa akitubeba ni Hajji Sadiki, mwenye lori dogo la kupeleka samaki wa chumvi kutoka Katunguru hadi Bwera. Tulipanda juu ya magunia yake, na vijiji vilijua Diploma amekuja kwa harufu kabla ya ngoma. Hajji ni mtu wa majivuno kunishinda mimi, na hilo si dogo. Lakini aliniachia jambo moja la maana. Alikuwa hasimamishi lori katikati ya kijiji. Husimama chini, kwenye kibanda cha chai, anauliza bei ya maharage, anatukana barabara, anasifu chai mbaya, na akimaliza kikombe cha pili anajua ugomvi wa kijiji kizima. Nyinyi mnafika na programu. Anzeni na chai mbaya.

Nitawaeleza kazi moja tu kwa urefu, kwa sababu ndiyo niliyoulizwa zaidi, na kwa sababu watu huisimulia vibaya.

Kijiji kiko Karambi, kwenye mteremko wa kahawa na muhogo. Nyumba mbili zilipakana, katikati ua wa miti midogo. Upande mmoja aliishi Biira, ambaye wote tulimwita Mama Thembo kwa jina la mwanawe. Upande wa pili waliishi ndugu wawili, Baluku na mdogo wake Masereka. Wakati wa vita Thembo alikwenda milimani kwa wapiganaji. Alfajiri moja wapiganaji wakashuka, wakamuua Baluku mlangoni pake na kuichoma ghala yake ya kahawa. Watu walisema ni Thembo aliyewaonyesha njia. Mama yake alisema hakuona, na asichokiona hawezi kukisema. Thembo mwenyewe hakuonekana tena. Wengine walisema alifia ng'ambo, wengine kwamba mto ulimchukua alipokuwa akikimbia. Mwili haukurudi.

Hakuna aliyempiga Mama Thembo wala kumfukuza. Waliacha tu kumwazima chumvi. Mlango wake ukapitwa kama mti. Na mumewe alipokufa kwa ugonjwa, hakuja mtu kuchimba.

Hapo lazima niwaeleze wale miongoni mwenu waliokulia mjini. Kwetu mwenye msiba hachimbi kaburi lake mwenyewe. Majirani ndio huchimba. Wanakuja na majembe yao, hawaitwi. Kama hawakuja, wamekuambia neno ambalo halina jibu. Mama Thembo alingoja mpaka ikabidi ateremke Bwera kutafuta vijana wa boda boda, na hao wakachimba haraka haraka, majaketi yakiwa mwilini, kaburi fupi lililopinda. Mvua ya kwanza ililifumua ukingo.

Haya alinieleza yeye siku nilipomtembelea, akiwa amesimama, bila kunipa kiti. Alikuwa anaumwa, ngozi ilikuwa imelegea shingoni, na alipokohoa alishika kizingiti. Nikamwambia tunakuja na kikundi, tutafanya hiki na kile. Alinikata.

"Mimi nagonjwa, Diploma. Sitaki chakula yenu, sitaki blanketi. Nataka mutu moja amulilie mutoto wangu kabla sijakufa. Mutu mwenye hakutoka mu tumbo yangu. Basi."

Nikaunda kikundi kutoka pande zote za kijiji. Nilianza na endara, marimba yetu ya magogo yanayolazwa juu ya mashina mawili ya mgomba. Wachezaji hukaa wakitazamana, wa huku na wa huku, na wote hupiga magogo yale yale. Watu wasiosalimiana hawawezi kuimba pamoja, lakini mdundo ukiwashika watapiga gogo moja, kwa sababu asipopiga mwenzako wimbo unabaki na pengo na aibu ni ya wote wawili. Ukitaka kuanza na watu walioumizana, anza na mikono. Midomo iache.

Masereka alikuja, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikuwa mkulima wa kahawa wa makamo, mwenye maneno machache na sauti nzito. Alisema amekuja kwa sababu nyumbani kumemchosha. Nilimfanya mchezaji mkuu. Mchezo ulikuwa wa kijiji kilichovamiwa, na ndani yake kulikuwa na maziko.

Sasa, jukwaani maiti ni shida. Ukifunga nguo au majani makavu ndani ya shuka, kitu kinakuwa chepesi, na wabebaji wanatembea uongo. Mabega yao yanakusaliti. Mimi hutaka kitu kizito. Kwa hiyo asubuhi ya onyesho nilikata shina la mgomba la urefu wa mtu, lenye maji tele, nikalifunga shuka nyeupe. Masereka na wenzake walipolinyanyua walitembea kama watu waliobeba mtu. Bado naona lilikuwa chaguo sahihi, ingawa wengi wameniambia lilikuwa kosa kubwa.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kijiji kizima kimekuja. Mama Thembo alikaa peke yake kwenye mkeka karibu na njia. Wabebaji walipofika katikati ya uwanja, alisimama akamwambia mpiga ngoma aache. Ngoma ikaacha.

"Huyu mwenye munabeba ni nani?"

Masereka alimjibu bila kumtazama. "Ni Baluku. Unajua ni Baluku."

"Baluku iko na kaburi," alisema Mama Thembo. "Naiona kila asubui nikiwasha moto. Baluku alikuwa na mwili, mulimuosha, mulimuzika na mwili yake. Shina ni ya mutu hana mwili."

Kila mtu pale alijua anasema nini. Kwetu mtu akipotea mtoni au porini na asipatikane, jamaa zake hukata mgomba, huuvika shuka, huuzika mahali pake, na kuanzia hapo amekufa kweli na anaweza kuliliwa. Mama Thembo alikuwa hajafanya hivyo, kwa maana nani angechimba.

"Hapa kijijini," akasema, "mutu hana mwili ni moja tu. Munipe mutoto wangu."

Masereka aliushusha upande wake chini. Wenzake nao wakashusha. Kisha wakarudi nyuma, hatua kwa hatua, kama watu walioona nyoka, mpaka shina likabaki peke yake uwanjani na yule mwanamke peke yake mbele yake. Alijaribu kulibeba akashindwa. Nilianza kwenda. Hajji alinishika mkono wa shati.

"Diploma, wacha. Ukibeba wewe itabaki ndizi tu."

Alisema kweli. Tulisimama. Mama Thembo aliikamata shuka kwenye ncha na kulivuta shina. Alivuta akapumzika, akakohoa, akavuta. Shuka ilichanika kwenye mawe na utomvu ukaacha mstari njiani. Kijiji kizima kilimtazama mpaka akafika mlangoni kwake, na hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyeondoka.

Shina la mgomba halikai kama ubao. Jua likilipiga linaanza kuwa jeusi, kisha linalegea, kisha linanuka na nzi wanakuja. Mama Thembo alilifunika kitenge chake kipya na kukaa kando yake akipunga nzi kwa tawi. Likishawekwa uani kwa jina la mtu, halitupwi. Na halizikwi na mama yake. Nilimshauri tuwatafute tena vijana wa Bwera. Alinitazama kama mtoto aliyesema upuuzi.

"Wale walizika bwana yangu kama wanapanda muhogo," alisema.

Nilimwendea katekista wa pale. Aliniambia kwa upole kwamba hana sala ya ndizi. Wafadhili waliotutuma, waliokuwa wakingoja video ya onyesho, wakanipigia simu, wakasema hali imeharibika, nirudi Kasese. Sikurudi. Hapa ndipo mnapokosea nyinyi: gari likiitwa mnapanda. Mimi nilijua nimeona mlango umefunguka kidogo, na kwamba likioza lile shina kabla ya kuzikwa, mlango huo hautafunguka tena wakati wa uhai wa yule mama.

Nilimkuta Masereka akigeuza kahawa yake juani kwa miguu. Nikamwomba aje kwenye zoezi.

"Zoezi gani?"

"Onyesho halikuisha. Imebaki sehemu ya kuchimba."

Aliendelea kugeuza kahawa. "Diploma, unaniona mupumbavu?"

"Nakuona mwigizaji."

"Unataka nichimbe kwa mchezo, halafu ikishachimbwa iwe kweli."

"Itakuwa nini, utaamua mwenyewe ukiwa ndani ya shimo," nikamwambia. "Ukitaka kulifukia tupu, utalifukia. Nitasema zoezi limekwisha."

Sikumsihi. Vijana, hicho ndicho kiini cha kazi yetu, na sijamsikia mkufunzi yeyote akikieleza. Mtu anayeona haya kufanya jambo mbele ya wafu wake anaweza kulifanya akiwa ndani ya mchezo, kwa sababu kesho anaweza kusema ulikuwa mchezo. Tunampa mahali pa kurudi nyuma. Mtu asiyekuwa na mahali pa kurudi nyuma hawezi kwenda mbele.

Asubuhi alikuja uani kwa Mama Thembo na jembe lake mwenyewe, na kikundi nyuma yake, wamevaa nguo za mazoezi. Nilimweka mpiga ngoma karibu na njia apige mdundo wa mazoezi, ili wapitao waseme wale wa Diploma wanafanya mambo yao. Wengi walipita mara mbili. Mama Thembo alikuwa mlangoni kando ya shina. Harufu ilikuwa imeanza. Aliyaona majembe. Alivuta kitenge kidogo, kama anayemfunika mtu asipatwe na vumbi.

Masereka alichimba bila kubadilishana na wenzake. Udongo wa Karambi ni mwekundu na mzito. Alichimba mpaka tukawa tunaona mabega na kichwa tu, kisha akasimamisha jembe.

"Mama," alisema. "Mbwa haikulia."

Mama Thembo alinyanyua uso.

"Siku ile. Mbwa ya Baluku ilikuwa inabwekea kila mutu, hata katekista. Siku ile haikulia. Mimi nilikuwa kwa dirisha. Ilikuwa inatingisha mukia." Alipangusa jasho. "Sema. Ilikuwa nani?"

Mimi nilikuwa nimefanya kazi katika kijiji kile muda wote huo, na mengi nilikuwa nimeelezwa, lakini hilo la mbwa sikuwahi kulisikia. Mpiga ngoma alinitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa aendelee kupiga, chini chini.

Mama Thembo aliligeukia lile shina.

"Ilikuwa Thembo," alisema. "Mbwa ile ilizaliwa hapa kwangu, Thembo ndiye aliilisha kabla tuwape. Nilijua kutoka siku ile. Hata mimi sikusikia mbwa."

Wale vijana wa kikundi walikuwa wameinamisha vichwa. Nilidhani Masereka atatoka shimoni na kuondoka, na nisingemlaumu. Hakutoka.

"Wakati tulizika Baluku," alisema, "haukukuja."

"Ningekuja na uso gani?"

"Na hiyo hiyo."

Mama Thembo alinyanyuka kwa kushika ukuta. Alielekea kwenye ua wa miti. Zamani palikuwa na upenyo wa kupitia kwenda kuombana moto, lakini miti ilikuwa imeota mpaka ikauziba. Aliipasua kwa mikono. Tulisikia matawi yakivunjika, tukasikia kikohozi, tukasikia nyayo upande wa pili, penye kaburi la Baluku, na kisha tukamsikia akilia.

Nimesikia watu wengi wakilia, na wengine niliwafundisha kulia jukwaani. Kile hakikuwa kitu cha kufundishwa. Alimwita Baluku kwa jina alilomwita akiwa mtoto. Alimwambia jinsi alivyombeba mgongoni siku mama yake alipokuwa anajifungua Masereka. Alimwambia amechelewa. Alilirudia hilo: nimechelewa, nimechelewa. Masereka alikuwa shimoni, hawezi kuona ng'ambo ya ua, anasikia tu. Alishika mpini wa jembe kwa mikono miwili na hakusogea.

Hapo ndipo nilipomnyamazisha mpiga ngoma. Mwingine angemwacha apige, na zoezi lingebaki zoezi. Kujua wakati wa kuinyamazisha ngoma ni kipaji, na mimi ninacho.

Mama Thembo aliporudi, mikono ikiwa na michubuko, Masereka alikuwa ametoka. Alikwenda mlangoni, akainama, akalishika shina upande wa kichwa, akawatazama wenzake mpaka nao wakaja. Lilikuwa limelegea, lazima kulikingia mikono katikati lisikatike. Walilishusha vizuri. Masereka akachota udongo kwa kiganja ili autupe wa kwanza, akasema, "Thembo. Tulichunga mbuzi pamoja." Alilia amesimama, udongo mkononi. Alimlilia Thembo au Baluku, sijui. Mama Thembo hakuuliza. Nanyi msiulize.

Msidhani baada ya hapo walikumbatiana. Kaburi lilipofukiwa, kila mtu alirudi kunawa kwake. Kwetu wachimbaji hunawa kwenye nyumba ya msiba, kisha wanakula chakula cha nyumba hiyo, na ndipo msiba unakuwa wa wote. Mama Thembo alikuwa ameweka beseni la maji na sabuni, na ndani alikuwa amepika. Maji yalibaki safi. Alikaa kwenye mkeka mpaka jua likapita paa, kisha akayamwaga kwenye migomba yake. Hajji alitaka tule sisi angalau. Nikamwambia chakula kile hakikupikwa kwa ajili yetu.

Waliotutuma waliuliza video iko wapi. Niliwaandikia kwamba haipo na onyesho halitachezwa tena. Hawakuniita kazini kwa muda mrefu, na katika muda huo vijana walifundishwa kazi yangu na watu wasioijua.

Mama Thembo alikufa msimu uliofuata wa kahawa. Masereka ndiye aliyenipigia. Alisema, "Diploma, kuya. Ngoma uache." Nilishuka na Hajji, na tulipofika kaburi lilikuwa tayari limechimbwa, la kina cha kweli, kuta zimenyooka, karibu na mumewe na lile la mwanawe. Majirani walikuwa na majembe. Hakuna aliyekuwa amewaita, na mimi sikuwa nimewaigizia chochote. Mpwa wake mmoja kutoka Bwera alikuwa amepika, na baadhi ya watu walikula, wamekaa karibu na njia, wakitazama upande mwingine.

Masereka alifukia mpaka mwisho. Alikwenda kwenye beseni la nyumba ile, akanawa mikono polepole, akaikung'uta. Kisha akachukua jembe lake na kupita kwenye ule upenyo wa ua kwenda kwake. Yule mpwa alinyanyuka na sahani amkimbilie. Nilimshika mkono.

"Wacha," nikamwambia. "Leo amenawa."